Talaka ilitoka, wimbo ukapanda

Wanachuo wenzangu, tamthilia ya George & Tammy (2022) ina sehemu 6 tu, ukiianza Ijumaa jioni unaimaliza. Inahusu George Jones na Tammy Wynette, waimbaji wa kantri wa Marekani waliooana 1969 wakaachana 1975. Pombe ya George iliivuruga sana ile nyumba. Waigizaji, Michael Shannon na Jessica Chastain, wameimba wenyewe, na wanaimba haswa!

Sasa sikia hii: wimbo wao Golden Ring ulishika namba moja kwenye chati ya kantri 1976, yaani talaka ishatoka. Sauti zao zikiwa pamoja zilikuwa zinauza, basi wakaendelea kurekodi.

Kwetu Nkwenda, Kyerwa, na hata Kayanga kule Karagwe, wazee wakisikia Tabu Ley na Mbilia Bel redioni husema hao walipendana kweli. Pengine. Ila Mbilia aliondoka Afrisa mwishoni mwa miaka ya 1980, na nyimbo bado zinachezwa harusini. Mimi siku hizi nikisikia wanandoa wanaimba vizuri hivyo, nawaza watoto. Tamthilia hii imetokana na kitabu cha Georgette, binti wa George na Tammy. Walipoachana alikuwa na miaka 4.