Makinda wa Bata Bukini Huenda Wapi Wakishakua?

Jumapili moja tuliwapeleka wanafunzi wa madrasa Ziwa Jipe, kule chini wilayani Mwanga, mpakani na Kenya. Walichozungumza njia nzima tukirudi Mkuu hakikuwa viboko. Kilikuwa bata bukini wa Misri, dume mwenye doa la hudhurungi kuzunguka jicho, aliyenyoosha shingo na kumkimbiza bata mwenzake hadi akaruka. Binti mmoja aliniuliza, "Ustadhi, na kama yule ni mwanawe?"

Huenda alikuwa mwanawe kweli.

Aya ya 19 ya Suratul-Mulk imeelekeza macho yetu kwa ndege, basi na tuwatazame. Bata hawa huishi dume na jike, na kila jozi hushika kipande chake cha ufuko. Dume hufoka kwa sauti ya kukwaruza, jike hupiga kelele za kusikika mbali, na wote wawili hupigana kwa mdomo na mabawa. Jike huatamia siku 28 hadi 30, dume akilinda. Kiota huwa majanini, au juu ya mti katika kiota kikuukuu cha ndege mwingine. Vifaranga wa huko juu hujirusha chini wakiwa bado wachanga kabisa, wakimfuata mama anayewaita. Subhanallah! Huchukua siku 70 hivi kabla ya kuweza kuruka, na muda wote huo wazazi hawawaachi. Hata baada ya hapo hukaa nao kwa wiki kadhaa, pengine miezi.

Kisha wazazi hutaka kutaga tena, na ufuko hufungwa. Bata hawa hula nyasi, na nyasi za ufuko mmoja zina kiasi chake. Kijana anayebaki hula chakula cha wadogo zake ambao hawajaanguliwa.

Waliofukuzwa huenda kwenye maji mapana yasiyo na mwenyewe, wakaishi kwa makundi. Wakifikia mwaka wa pili hivi huoana, wakatafuta ufuko wao au wakaupigania. Kule Ulaya, bata maji, wale weupe wenye shingo ndefu, hufanya vivyo hivyo: kijana hufukuzwa manyoya yake ya kijivu yakigeuka meupe, naye hungoja hadi miaka mitatu au minne ndipo apate kiota chake.

Sisi wa mlimani tunalijua jambo hili. Kwa mila ya Wachagga, kifungua mimba hukatiwa kihamba, kitindamimba hubaki kwa baba, na wa katikati hujitafutia. Leo vihamba vimekatwakatwa hadi migomba inahesabika. Kamati yetu ya msikiti imewahi kuketi hadi usiku wa manane na mzee aliyemkatalia kijana wake, mwenye mke na watoto wawili, kwenda kulima tambarare, akisema mtoto hafukuzwi nyumbani. Hakuna aliyetaka kumfukuza. Kijana alikuwa akiomba radhi ya baba ili aondoke. Naona bata angemwelewa upesi kuliko mzee wetu. Ila bata, mwanawe akishaenda, hana tena habari naye, na silatur-rahim yetu haituruhusu hilo.

Binti yule nilimjibu kwa kumkumbusha tulichokiona tukipanda gari. Aliyefukuzwa alikuwa ametua mbele kidogo, katikati ya kundi, akila nyasi, na hakuna aliyemkimbiza.