Mjumbe katika Damu

Mara nyingi wamama hutuuliza: kivimbe katika ziwa ni ulozi? Tujibu: hapana. Ovari hutoa homoni iitwayo estrojeni, nayo hupita katika damu kama mjumbe. Yaingia ndani ya chembe za mwili na kushikamana na kipokezi chake, ambacho Elwood Jensen wa Chicago alikitambulisha mwaka 1958. Viwili hivyo huamsha jeni; jeni zanakiliwa, protini zatengenezwa, chembe zaongezeka. Ndivyo tumbo la uzazi na maziwa hukua. Lakini agizo hilo hilo laweza kukuza kansa. Dawa ya tamoksifeni hushika mahali pa estrojeni katika ziwa na kuzuia agizo. Basi, ndugu makatekista, tuwatume wamama kwa munganga mapema, bila kuwatia haya.