JE, WAJUA? Mwaka uliochongwa kwenye paji la uso wa Yesu

Karl Schmidt-Rottluff, mchoraji wa Ujerumani, alitumwa upande wa mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokwisha alitoa chapa za mbao tisa, nyingi zikihusu maisha ya Yesu. Inayokumbukwa zaidi ni uso mtupu: mashavu marefu, pua iliyopinda, macho yasiyolingana, moja kama limefumbwa kwa kipigo. Kwenye paji la uso, mahali pa taji la miiba, pamechongwa 1918. Chini ya uso huo kuna maandishi yanayomuuliza mtazamaji kama Kristo hakumtokea.

Tarakimu hizo ilibidi azichonge kinyume, kwa kuwa ubao ukipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, kila kitu hugeuka. Alama za patasi hakuzisawazisha, na ni heri, maana ukali wake ndio unaouma.

Msanii Käthe Kollwitz, aliyempoteza mwanawe Peter vitani mwaka 1914, naye alishika patasi. Chapa yake ya 1920 inaonyesha wafanyakazi wakiuinamia mwili wa Karl Liebknecht, mwanasiasa aliyeuawa Berlin Januari 1919, kwa mpangilio wa picha za kale za kumlilia Yesu. Wala Kollwitz hakuwa mfuasi wa siasa za Liebknecht. Kilichomgusa ni kilio cha wale waombolezaji.

Mwaka 1937 Wanazi waliondoa kazi 608 za Schmidt-Rottluff kwenye makumbusho ya Ujerumani. Mwaka 1941 wakampiga marufuku kuchora.