Sketi ya Mtoto: Nusu Mita ya Pamba Yatosha

Mkulima, mwezi wa Desemba una gharama nyingi. Krismasi hutaka nguo mpya, na siku chache baadaye shule hufunguliwa na karo hutakiwa. Fedha za majani chai na za maziwa hutoka nyumbani kidogo kidogo, na nguo za watoto ni njia moja ya kutoka kwake. Mtoto wa miaka miwili hukua upesi. Nguo iliyomtosha sikukuu hii huenda isimtoshe sikukuu ijayo. Kwa hiyo twakueleza hapa namna ya kushona sketi nyepesi ambayo mtoto wako aweza kuivaa kiangazi hiki na kile kijacho.

Kazi hii si mpya vijijini. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha akina mama wengi wa Kenya kushona. Waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, walikuwa na mikopo ya kulipa, na kila shilingi iliyobaki nyumbani ilikuwa na kazi yake. Hata leo ni hivyo.

NGUO IPI INAFAA?

Kedowa ni nchi ya milima na baridi. Lakini kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua, na adhuhuri jua huwa kali. Mtoto aliyevalishwa sweta mchana kutwa hutoka jasho na kupata vipele. Mvalishe sketi ya pamba mchana. Jioni mwongezee suruali ya kubana na sweta.

Chagua pamba, wala si nailoni. Pamba hunyonya jasho na hufulika vizuri. Tena fikiri juu ya moto. Katika nyumba nyingi za kwetu mafiga yako chini, na mtoto anayejifunza kutembea hupita karibu nayo. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Pamba nayo huwaka, kwa hiyo usishone sketi pana sana wala ndefu. Ikomee magotini.

Si lazima ununue kitambaa kipya. Gauni la zamani la mama, au leso ambayo ncha zake tu zimechakaa, hutoa kipande kizuri. Kitambaa kipya kifue na kukikausha kwanza, kwa maana pamba hurudi ikiingia majini.

PIMA MTOTO, USIPIME MIAKA

Watoto wawili wa umri mmoja hawana kiuno kimoja. Mpime mtoto akiwa amesimama na ameshiba. Zungusha utepe kiunoni bila kubana, kisha pima toka kiunoni hadi gotini. Tuseme kiuno ni sentimita 50, na urefu ni sentimita 25.

Upana: kiuno mara moja na nusu, yaani sentimita 75. Gawanya vipande viwili, mbele na nyuma, uongeze sentimita 3 kwa kila kipande kwa ajili ya mishono. Kila kipande kitakuwa karibu sentimita 41.

Urefu: 25, ongeza 4 za kupitisha mpira kiunoni, na 7 za pindo la chini. Jumla ni sentimita 36.

Chora mistari kwa kipande cha sabuni kikavu. Alama zake hutoka kwa maji. Kisha kata.

NAMNA YA KUSHONA

1. Weka vipande viwili, uso kwa uso, ushone ubavu wa kulia na wa kushoto. Kama huna cherehani, shona kwa mkono, ukirudisha sindano nyuma kila hatua ili mshono uwe imara. Zungushia uzi kingo za ndani zisichanike.

2. Juu, kunja sentimita 1, kisha kunja tena sentimita 3. Shona kuzunguka, ukiacha tundu la sentimita 4.

3. Kata mpira wa upana wa sentimita 2 na nusu, urefu wake sentimita 52. Funga pini kwenye ncha moja, uupitishe tunduni mpaka uzunguke wote. Pishanisha ncha mbili kwa sentimita 6, uzishone, kisha ziba tundu. Sasa mzunguko ni 46, mdogo kidogo kuliko kiuno. Ukiona mpira umeacha alama nyekundu mwilini, ulegeze.

4. Chini, kunja sentimita 1, kisha sentimita 6, ushone kwa mkono.

Hesabu pini na sindano zako kabla ya kuinuka. Mtoto hutia kinywani kila anachookota.

MWAKA UJAO

Usitupe sketi ikiwa fupi. Fumua pindo la chini, ulikunje upya kwa sentimita 2 tu badala ya 6. Utapata sentimita 4 za urefu. Kiunoni, fumua ncha za mpira, uzipishanishe kwa sentimita 2, na mzunguko utafika 50. Piga pasi, na sketi itamfaa tena.

Mwisho, iwapo nguo ya mtoto itashika moto, mlaze chini na uuzime kwa blanketi nzito. Mwagia palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha umfunike mwili uliobaki asipate baridi. Usipake samli, maziwa wala dawa ya meno, na usibandue kitambaa kilichogandamana na ngozi. Mpeleke hospitali mara moja.

Kata kitambaa chako jioni moja, ushone jioni ya pili. Fedha iliyobaki iweke kwa ajili ya karo ya Januari.