Wiki nane hazimtoshi mhandisi

Kila Julai, mitihani ya muhula wa pili ikiisha, wanafunzi wa uhandisi jijini Dar es Salaam huanza msako wa nafasi za fildi. Barua za utambulisho zinazunguka Ubungo, Chang'ombe, Vingunguti hadi Mikocheni. Getini mlinzi anapokea bahasha, kisha jibu ni lile lile: acha namba, utapigiwa. Mwenye mjomba ndani anapigiwa kweli.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha uhandisi mwaka 1973, mafunzo hayo kwa vitendo ni sehemu ya shahada, si hiari. Yapo kwa awamu tatu za wiki nane nane, baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ngazi zake zilipangwa kwa busara: kwanza mwanafunzi akae na fundi mchundo, kisha fundi sanifu, mwisho amsogelee mhandisi mwenyewe. Atakayekuja kuwaongoza mafundi aanze kwa kuwabebea vifaa. Kwa hilo sina ugomvi na chuo.

Ugomvi wangu ni kalenda. Wiki ya kwanza inaishia kwenye utambulisho, somo la usalama na kusubiri helmeti na buti. Ya pili ni ya kutembezwa. Ya mwisho ni ya ripoti na kutafuta muhuri. Katika hizo zinazobaki, meneja gani atamkabidhi kazi mtu atakayeaga kabla haijaisha? Basi mwanafunzi anageuka mgeni: anashika tochi, anapiga picha, anajaza daftari lake la kila siku kwa kunakili la mwenzake. Wapo wanaomaliza awamu nzima kwenye mashine ya fotokopi.

Chukua pampu ya maji ya kupozea mitambo. Fundi wa zamu anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nyumba ya beringi, anaegemeza mpini sikioni, anasikiliza. Mwanafunzi anazijua hesabu za mtetemo kwa moyo, lakini mkwaruzo wa beringi inayoanza kufa hajawahi kuusikia. Mtambo unazimwa, swichi inafungwa kufuli, kaplingi inafunguliwa. Fundi anafunga kipimo cha mshale, anazungusha shafti taratibu, kisha anapenyeza kibati chembamba kama karatasi chini ya mguu wa mota. Anapima tena. Anakitoa, anaweka kingine. Hapo ndipo mwanafunzi angeona jinsi kupishana kidogo kwa shafti, kusikoonekana kwa macho, kunavyoua beringi mpya. Ila lazima awepo siku pampu inapoharibika, na awepo miezi miwili baadaye kuona kama dawa imeshika. Pampu haina habari na ratiba ya chuo.

Mgawanyiko huu wa darasa na karakana uliwahi kumkera Mmarekani Herman Schneider, mhandisi wa ujenzi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cincinnati. Mwaka 1906 aliwachukua vijana 27 akawagawa makundi mawili: moja darasani, jingine karakanani, na baada ya wiki yanabadilishana. Kwa hiyo kiwanda hakikubaki na pengo hata siku moja, na vijana walilipwa, kwa kuwa kazi waliyoifanya ilikuwa kazi. Nchini Kanada, Chuo Kikuu cha Waterloo kilianza na mtindo wa jamii hiyo mwaka 1957. Wanafunzi wake wa uhandisi hupokezana miezi minne ya masomo na miezi minne ya ajira.

Sisi je? Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwapa wanufaika posho ya fildi ya shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Inasaidia nauli na chakula, lakini ni mkopo. Yaani kijana anakopa ili akamfanyie mtu kazi bure.

Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu, hadi wafikie usajili. Ni mpango mzuri, na pia ni ushahidi kwamba shahada peke yake haikuwa ikitosha.

Mzazi atauliza: mnataka kuongeza miaka na ada? Hapana. Awamu ya pili na ya tatu zikiunganishwa ni wiki 16, karibu sawa na kipindi kimoja cha kazi cha Waterloo. Idara zikipishana, wa umeme watoke nusu ya kwanza ya mwaka na wa mitambo nusu ya pili, viwanda havitafurikwa Julai na kuachwa vitupu Novemba. Kupanga upya ratiba ya mihadhara kutawaumiza kichwa wahadhiri, najua, lakini ndiyo kazi ya vyuo.

Na vyuo vianze na idara moja tu, pamoja na kiwanda kimoja kitakachokubali kuandika jina la mwanafunzi kwenye orodha ya matengenezo, mbele ya mashine anayowajibika nayo, na kumlipa.