Kwa Nini Uvumi wa Baridi Unaushinda Mwendo Utabiri

Ikifika mwishoni mwa Juni, Bagara, hapa mjini Babati, huamka na makoti. Bodaboda huvaa sweta juu ya sweta na kofia ya kuziba masikio, na kwa mama lishe chai huwahi kuisha kabla ya chapati. Mji wa Babati uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kipupwe hapa si jina tu.

Msimu huohuo huingia na ujumbe wake kwenye simu. Unasema kuanzia kesho, saa 11 na dakika 27 alfajiri, dunia itakuwa mbali na jua: kilomita milioni 152 badala ya milioni 90 za kawaida. Baridi itadumu hadi Agosti, mafua na kikohozi vitazidi, watu wajifunike. Hautaji mwaka wala aliyeuandika, na ndiyo maana kila Julai unaonekana mpya. Umezunguka nchi nyingi kwa lugha nyingi, Malaysia na Indonesia zikiwemo, ambako hakuna kipupwe cha kushtua mtu.

Umechanganya kweli na uongo. Ni kweli kwamba mapema Julai dunia hufika mbali zaidi na jua, karibu kilomita milioni 152. Lakini mapema Januari, inapokuwa karibu zaidi, umbali ni kama milioni 147. Milioni 90 haipo kabisa. Na kama umbali ndio ungeleta baridi, ndugu zetu walioko Muscat wasingekuwa wanaungua Julai hiyohiyo kwa joto linalopita nyuzi 40.

Kinacholeta baridi ni mwinamo wa mhimili wa dunia, nyuzi 23 na nusu. Kuanzia Juni hadi Agosti nusu ya kusini huwa imelipa jua kisogo, jua liko upande wa kaskazini, na upepo wa kusi unaleta hewa ya ubaridi kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Ongeza mwinuko: kwa wastani, kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Tena usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi. Ndiyo sababu kule Makete na Kitulo sakitu huunguza mazao wakati Dar es Salaam watu wanafurahia tu kupumzika na jasho.

Maelezo hayo yamo kwenye vitabu vya shule. Kwa nini basi uvumi unayashinda? Kwa sababu anayeupokea tayari anatetemeka. Mwili wake umeshatoa ushahidi kwamba kuna baridi, naye anauhesabu ushahidi huo kuwa uthibitisho wa sababu aliyoandikiwa. Hapo ndipo mtego ulipo. Baridi ni ya kweli, sababu ni ya kubuni, na vyote viwili vinasafiri ndani ya ujumbe mmoja.

Macho nayo hudanganyika vivyo hivyo. Januari 30, 2019, Chicago ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na mitandao ikajaa video za watu wakirusha maji ya moto hewani yakageuka wingu la barafu. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Ambacho video hazikuonyesha ni watu walioishia hospitalini wakiwa wameunguzwa na maji yaleyale.

Mkoa wetu wa Manyara ulionja uchungu zaidi. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Video zilisambaa watu wakiwa bado wanatafuta ndugu zao, na pamoja nazo maelezo kwamba volkano imelipuka. Yaliaminika, kwani Hanang kweli ni volkano iliyozimika. Ilibidi serikali ijitokeze kueleza kwamba hakukuwa na mlipuko wowote: miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka. Kwa mtu wa chini ya mlima tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu volkano humfanya atazame kilele akisubiri moto, wakati hatari inashuka na mkondo wa mto.

Simu yenyewe inachangia. Kwenye Android, picha ya WhatsApp hupewa jina kama IMG-20231204-WA0012. Wengi huisoma tarehe hiyo kuwa siku ya tukio, kumbe ni siku picha ilipoingia kwenye simu. Mafuriko ya miaka mitano iliyopita yanaweza kuvaa tarehe ya leo. Mishale miwili juu ya ujumbe ndiyo dalili ya kuaminika kidogo: umepita mikono mingi kabla ya kukufikia.

Agosti 2023, miezi michache kabla ya maporomoko ya Hanang, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilishatangaza kwamba El Niño ingeleta mvua za Vuli zilizo juu ya wastani. Mamlaka hiyo hutoa pia tahadhari za siku tano, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Hutaja mikoa na tarehe, ila hazina sauti ya jirani. Mtendaji wa mtaa hapa Bagara angeweza kuisoma tahadhari hiyo kwa sauti kwenye simu yake, nusu dakika tu, akataja tarehe na bonde linalohusika, akaituma kwenye magrupu yaleyale unakopita ujumbe wa kilomita milioni 90.