Njano, Herufi Saba

Nikiwa fildi niliwatungia wanafunzi chemshabongo. Dokezo moja: "Ya njano, ina sumu, herufi saba." Nilitaka KLORINI, gesi ya njano-kijani ambayo Wajerumani waliifungulia kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Wengi waliandika SALFA, wakabakiwa na visanduku viwili. Kosa langu: sikusema ni gesi. Salfa ni ya njano kweli, ila si sumu kali.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na yale maua ya njano uzioni?" Kumbe ni oleanda ya njano! Mbegu zake huvuruga mapigo ya moyo, hata zikikauka, na watoto wanazichezea. Siku hizi naanza na dokezo hilo. Rangi peke yake haimlindi mtoto.